Sarafu ya Kukunjia Pindo

Jumapili, 3 Machi

Daftari hili ni la vipimo. Kurasa za mbele zimejaa viuno, mabega na urefu wa miguu ya watu, kwa mwandiko wa mume wangu. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mimi pia nilimwita hivyo, hata ndani. Alifika katikati ya daftari, akafariki. Nimeligeuza, naandika kuanzia nyuma, maana kurasa tupu zinaniuma kuliko zile alizoandika.

Mvua imeanza leo mchana. Mama, yaani mama mzazi wa Fundi, ambaye tunaishi naye miaka yote hii, aliniambia nikinge beseni pale mlangoni. Nilikuwa nimeshakinga. Tulicheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji amekuja, kaka mkubwa wa Fundi. Si mtu mbaya. Ndiye aliyesimamia mazishi mpaka sauti ikamkauka. Leo alikuja kwa habari ya mkebe.

Mkebe ni wa baba mkwe. Ndani yake mna sarafu za zamani alizokusanya maisha yake yote, na karatasi aliyoandika kila sarafu na mwaka wake, moja moja, thelathini na moja. Alipofariki, miaka kumi na tisa iliyopita, aliacha neno kwamba kisitoke kitu humo mpaka familia ikae na kukubaliana. Mkebe ukabaki juu ya kabati letu, orodha akaichukua Shemeji. Sasa anasema tuzipeleke kwa mnunuzi, tugawane sehemu tatu: Mama, yeye na mimi. Nimesema sawa. Mama aliendelea kuchambua mboga.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefungua mkebe. Ziko thelathini. Nilihesabu mara mbili. Kisha nikakumbuka ile ya kwenye droo ya cherehani, ambayo Fundi alikuwa akikunjia pindo za nguo. Kuitazama vizuri, unene ni ule ule wa zile kubwa za mkebeni, na rangi ni ile ile. Kumbe aliitoa humu. Nimeirudisha kwa wenzake, zikatimia thelathini na moja.

Halafu nikaona aibu kupeleka kwa mtu vitu vichafu hivyo. Nikachukua majivu na ndimu, nikasugua tatu mpaka zikang'aa kama sufuria mpya. Mkono ukachoka, nyingine nikaziacha.

Jumamosi, 9 Machi

Mnunuzi ana duka dogo la vitu vya kale, katikati ya duka la vioo na la mtengeneza saa. Watu wanamwita Jicho Moja kwa sababu ya lenzi anayoibana kwenye jicho la kulia. Anaibana hata anapokaribisha wageni, kwa hiyo jicho hilo linakutazama kubwa kama la samaki.

Alipoona zile tatu nilizosugua alizisogeza pembeni kwa kidole, taratibu, kama mtu anayesogeza sahani iliyovunjika mbele ya mwenyeji. Akauliza nani ameziosha. Nikasema ni mimi. Akasema, bila ukali, kwamba sarafu ya zamani ikioshwa imechunwa ngozi, na anayeijua kazi hii haigusi tena. Shemeji akanitazama. Nilitamani sakafu inimeze.

Tukaendelea moja moja, Shemeji akisoma orodha. Jicho Moja akatueleza anavyopanga bei. Ikiwa mwaka unasomeka wote, bei kamili. Ukisomeka nusu, bei inashuka, kwa kuwa mnunuzi ananunua na wasiwasi. Mwaka ukiwa umefutika kabisa, hapo hamna tena mazungumzo.

"Mwaka ndio jina lake," alisema. "Ukifutika, umebakiwa na chuma."

Kwenye orodha, sarafu ya mwisho imepigiwa mstari mara mbili: 1931. Jicho Moja aliposikia mwaka huo alikaa wima. Alisema sarafu za namna hiyo zilitengenezwa miaka mitatu tu. Za 1934 na za 1937 ni nyingi kama mchanga, lakini za 1931 zilikuwa chache, na hiyo moja, ikiwa safi, ingezidi nyingine zote thelathini tukizijumlisha.

Iliyobaki mezani ilikuwa ile ya pindo.

Aliigeuza mara nyingi. Akasema aina ni yenyewe, vinundu vya ukingoni vinaonyesha. Lakini mwaka haupo. Inaonekana 19, kisha ukungu, kisha kijiti kimoja kimesimama, ambacho kinaweza kuwa 1, au mguu wa 4, au mguu wa 7.

Shemeji aliitazama orodha tena. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa: "Shemeji, ile yenyewe iko wapi?"

Nilisema ndiyo hiyo. Akasema hiyo si yenyewe, baba yake hakuwa mtu wa kupigia mstari kitu kipara. Nikasema Fundi aliitumia kukunjia pindo, nikataka kuonyesha kwa kidole namna alivyokuwa akifanya, lakini bila kitambaa mbele yangu nikaonekana kama mwongo. Tulirudi kila mtu kivyake. Mvua ilininyeshea njia nzima, wala sikukimbia.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Nimeshona vifungo.

Jumatano, 13 Machi

Shemeji amekuja na kukaa kwenye kiti cha Fundi. Nilimweleza tena, safari hii kwa utulivu. Fundi hakuwa akipiga pasi pindo kabla ya kushona. Alilikunja kwa vidole, akaweka sarafu juu ya mkunjo, akaikandamiza kwa kidole gumba na kuivuta kutoka mwanzo mpaka mwisho, mara mbili. Mstari ulitoka kama umechorwa kwa rula. Miaka kumi na tisa, suruali nne au tano kwa siku. Chuma nacho kinaisha.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Yaani mtu mwenye akili zake, kati ya sarafu thelathini na moja, achague iliyo ghali kuliko zote aende akakunjie suruali za watu?"

Ukilisema hivyo, hata mimi siamini.

Akasema hasemi nimeiba. Anasema tu kwamba kuna sarafu imeondoka na nyingine imewekwa mahali pake, na kwamba mtu haoshi vitu bila sababu. Kisha akamuuliza Mama kama aliwahi kuona Fundi akitoa kitu kwenye mkebe. Mama alisema macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Shemeji hakuuliza habari za siku hizi. Lakini ndivyo alivyojibu, akaingia chumbani.

Ijumaa, 15 Machi

Mama amekula akiwa ameelekea ukutani. Nilimwambia chai ina sukari kidogo, niongeze? Akasema inatosha.

Jumapili, 17 Machi

Mvua siku tatu mfululizo. Ukuta wa chumba cha kushonea umeanza kutoa maji, nimesogeza cherehani.

Mwalimu aliyeleta kitambaa cha sare amekuja kukichukua. Alisema amebadilisha mawazo kuhusu rangi. Rangi ile aliichagua mwenyewe, mbele yangu, kwa nusu saa nzima. Basi habari imeshafika mtaani.

Jumatano, 20 Machi

Shemeji ametuma ujumbe. Mvua ikikatika na njia ikikauka atakuja na gari kumchukua Mama akakae kwake. Anasema si vizuri mama yake mzazi aishi mahali ambapo mambo hayaeleweki. Mimi niendelee tu na kushona, hakuna anayenifukuza.

Nilimsomea Mama ujumbe huo. Nilitegemea aseme hataki. Alikunja kanga yake mara nne, akaikunjua, akaikunja tena.

Miaka ishirini na miwili nimempikia, amenifundisha kukata kola, amekaa nami hospitali nilipopoteza ujauzito wa kwanza na wa pili. Sina mtoto, sina mume. Akiondoka akiniona mwizi, sijui nitakuwa nani wa nani.

Ijumaa, 22 Machi

Kila asubuhi sasa naamka nasikiliza bati. Likipigwa na mvua nashukuru. Watu wa mtaa wanalaani matope, mimi namwomba Mungu ayaongeze.

Jumatatu, 25 Machi

Leo nimewaza jambo baya, na kwa kuwa nimeliwaza nitaliandika. Mwaka uliofuata baada ya baba mkwe kufariki, Fundi alinunua cherehani ya pili. Sikuuliza alipata wapi. Nilifurahi tu, nikaifuta vumbi kila siku. Je, kama Shemeji ana haki nusu? Kama sarafu kweli iliuzwa, na hii ya pindo Fundi aliiokota popote, na siri hiyo akaenda nayo?

Nimekaa mbele ya cherehani hiyo tangu asubuhi sijaikanyaga.

Jumanne, 26 Machi

Nilikwenda kwa Jicho Moja peke yangu, na sarafu ndani ya kitambaa. Hakuwa na mteja. Alitoa lenzi, ndipo nikaona kwamba jicho lake ni dogo tu na limechoka kama langu.

Nilimuuliza kama kuna njia yoyote ya kujua mwaka. Akasema ipo. Mashine ilipogonga mwaka juu ya sarafu, ilikibana chuma mpaka ndani. Juu pakiisha, ndani bado pamebanwa. Kuna dawa, kali, tone moja tu. Inakula chuma laini haraka na kile kilichobanwa polepole, basi mwaka unatokea kama kivuli. Lakini uso wote unaliwa. Unabaki na mikwaruzo na madoa, na hakuna mkusanyaji anayetaka sarafu ya namna hiyo, hata mwaka uwe wa ajabu vipi.

"Kwa upande wa fedha, dada, sikushauri," alisema. "Sasa hivi haina bei. Ukiitia dawa itakuwa na mwaka, na bei bado haitakuwa nayo."

Nikauliza, sasa dawa ya nini. Akasema inasema ukweli, kazi yake ni hiyo tu. Na akaongeza kwamba ukweli wenyewe unaweza kuwa 1934.

Sikumwambia kilichonishika zaidi. Pale ulipokuwa mwaka, pana bonde dogo. Kidole gumba cha Fundi ndicho kilichochimba. Changu kinapwaya humo. Tangu alipofariki, mkono wangu unatafuta bonde lile kila ninapokaa. Ni laini kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Siku za joto alikuwa akiliweka shavuni, anasema linapoa haraka kuliko maji.

Dawa italila hilo pia. Nilirudi nayo kama nilivyokwenda.

Jumamosi, 30 Machi

Mvua asubuhi, jua mchana. Jua la kwanza. Nililitazama kama mgeni ambaye hukumwalika.

Alhamisi, 4 Aprili

Mama ameanza kupanga nguo zake. Anazitoa kwenye sanduku na kuzirudisha. Nilimkuta ameshika kitambaa cha kupimia cha Fundi, alipouona mguu wangu mlangoni akakificha chini ya mto.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua ndogo. Hakuna kazi. Nimeshonea mito foronya mpya isiyohitajika.

Jumatatu, 15 Aprili

Siku ya nne bila tone. Njia imekauka mpaka kwenye daraja. Shemeji anakuja Jumamosi.

Nimemtumia ujumbe kwamba kabla ya kumchukua Mama tupite wote watatu kwa Jicho Moja, kuna jambo litafanyika mbele yao. Ameuliza jambo gani. Nimemwambia aje na orodha.

Jumamosi, 20 Aprili

Nitaandika yote, maana nikilala nitaanza kuyapunguza.

Shemeji alikuja saa tatu, gari likiwa safi. Sanduku la Mama tulilipakia kwanza. Mama alikaa mbele, mimi nyuma na sanduku. Njiani Shemeji alisema barabara imeharibika.

Dukani, Jicho Moja alifunga mlango na kuwaeleza kuhusu dawa kama alivyonieleza. Akamgeukia Shemeji na kumwambia kwamba baada ya hapo sarafu hii haitauzika, na kwa kuwa ni mali ya familia lazima wote wakubali. Shemeji alisema, hata hivyo haiuziki. Mama alishika ukingo wa meza. Aliulizwa mara mbili. Akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Kisha akasema, "Fanyeni."

Kabla ya kumpa Jicho Moja niliishika mara ya mwisho. Niliweka kidole bondeni, nikakiacha hapo kwa muda ambao nadhani uliwachosha. Shemeji alidhani naogopa. Kweli nilikuwa naogopa, ila si alichodhani.

Jicho Moja alivaa glavu, akachovya kijiti chenye pamba kwenye chupa ya kahawia, akagusa. Harufu ilitupanda puani. Sarafu ikabadilika, ikawa ya kijivu, ikawa chafu. Akapangusa, akagusa tena. 19 ikakolea. Kisha kwenye ule ukungu pakaja mgongo wa namba, matumbo mawili yaliyo wazi: 3. Shemeji akainama mpaka kichwa chake kikagusana na changu, wala hakuna aliyerudi nyuma.

Kikabaki kile kijiti cha mwisho. Nilikikodolea macho nione kama kitaota mkono, kiwe 4, au kofia, kiwe 7. Akagusa mara ya tatu. Saa za jirani zilikuwa zinasikika ukutani. Kijiti kikawa cheusi zaidi. Hakikuota mkono. Hakikuota kofia. Jicho Moja akapangusa, akamwaga maji, akambandika Shemeji lenzi yake mwenyewe jichoni.

Shemeji aliangalia sana. Alipoitoa lenzi jicho lilikuwa limelowa, labda kwa ile dawa. Akasema, "Elfu moja mia tisa thelathini na moja." Alisema yote, kama anayesoma kaburini.

Kisha akauliza kwa nini Fundi alifanya hivyo. Alikunja orodha ya baba yake ndogo, ndogo zaidi, mpaka haikunjiki tena. Nje alishusha sanduku kutoka nyuma ya gari, akaona ni ujinga, akalirudisha, akatupeleka nyumbani nalo. Mlangoni alilibeba mwenyewe mpaka chumbani kwa Mama. Akaniambia, "Shemeji, mimi..." Nikamwambia ashike njia kabla ya mvua. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu.

Sarafu ninayo. Nimeijaribu. Inakwaruza kama ulimi wa paka. Yeye hayupo tena humo.

Jumapili, 21 Aprili

Mama aliniita asubuhi, kabla sijawasha jiko. Alikuwa ameketi juu ya sanduku, bado limefungwa.

"Nilimpa mimi," alisema.

Nilikaa chini. Alinieleza akitazama mikono yake. Wiki chache baada ya baba mkwe kuzikwa, Fundi alikuwa akikunja pindo kwa kucha mpaka zikawa zinatoka damu. Mama alifungua mkebe. Hajui kusoma, miaka ile kwake ilikuwa michoro. Alizipima mkononi akachagua iliyo nzito na yenye ukingo usiokata nguo. Fundi alisema, "Mama, hii ni ya baba." Akamwambia, "Na mimi ni wa baba. Kunja."

Halafu akamwapisha asiseme, kwa sababu kaka yake alikuwa akilalamika tangu utotoni kwamba mdogo ndiye anayependwa.

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza wiki sita. Alisema kila siku alijiambia leo nitasema. Shemeji ndiye mtoto pekee aliyebaki naye, akaogopa kumpoteza na huyo. Alikuwa anajua mimi si mwizi, akadhani inatosha yeye kujua.

Hata pale dukani, nilisema. Pamba ikiwa hewani.

"Hata pale," alisema.

Nilitoka. Nimeosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumatatu, 22 Aprili

Sitaki kuandika.

Ijumaa, 26 Aprili

Tunasalimiana. Nampa chakula, anashukuru. Sasa ni mimi ninayekula nimeelekea ukutani.

Jumapili, 28 Aprili

Nimeitafuta hasira yangu leo ili niitumie, nikakuta imepungua bila ruhusa yangu. Nilikuwa namwona Mama kama hakimu, kumbe wiki zote hizo alikuwa mshtakiwa aliyejificha nyuma yangu. Sijamsamehe. Ila nimemwongezea sukari.

Alhamisi, 2 Mei

Shemeji ameleta suruali, anataka pindo lishonwe upya. Nimeigeuza huku na huku, pindo lake ni zima kabisa, nalo ni kazi ya Fundi, ninaijua mishono yake. Nilimwambia halina tatizo. Akasema limefumuka kidogo. Nikamwonyesha halijafumuka. Akatazama dari, akasema basi lipunguzwe, amefupika.

Nilicheka kwa sauti, na yeye pia. Akauliza Mama yuko wapi, akaingia kumsalimia. Habari ya aliyetoa sarafu sikumwambia. Hilo ni la Mama, akitaka atasema.

Mwalimu naye amerudi na kitambaa cha sare. Rangi ile ile.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua zimekwisha. Nimelifumua pindo la Shemeji, sikutupa uzi.

Nilikunja, nikaweka sarafu juu, nikavuta. Ilikamata kitambaa na kutoa unyuzi. Nikavuta tena polepole. Mama alikuwa mlangoni, sijui kwa muda gani.

"Inakwaruza?" aliuliza.

Nikasema inakwaruza.

"Itaacha?"

Nikamwambia itaacha. Fundi ilimchukua miaka kumi na tisa.

Mama alisema yeye hana miaka kumi na tisa. Hakusema kwa huzuni, alisema kama mtu anayetaja kipimo cha kiuno chake. Nilimaliza pindo, nikakata uzi. Kisha nikamvutia kiti cha Fundi karibu na dirisha na kumwekea sarafu mkononi, upande wenye mwaka juu, nikamwambia asugue tu, awe anasugua akizungumza, akisikiliza, akingoja chai.

Akaanza hapo hapo. Kidole gumba chake kilikaa juu ya ule mwaka na kuufunika wote. Ni kipana, kimepinda kidogo kuelekea nje, na ukucha wake ni mfupi, wa mraba. Miaka ishirini na miwili naishi naye, sikuwahi kuona kwamba ni kile kile cha Fundi.